Msimsaidie Mgombea: maneno kwa wanablogu wa Kiswahili kabla ya mdahalo

(Yalisemwa Jumamosi mchana mjini Iowa City, mbele ya wanablogu na wenye chaneli wanaozungumza Kiswahili. Yameandikwa kama yalivyotoka mdomoni, ila marudio yamepunguzwa.)

Shikamooni wazee. Akina mama, poleni na safari, hasa mliotoka Davenport na ukungu ule wa asubuhi. Vijana, mambo. Watumishi wa Mungu mlioacha maandalizi ya ibada ya kesho, Bwana asifiwe. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Sambusa ziko nyuma, chai iko kwenye ile chupa kubwa, na mtu asingoje nimalize ndipo ale. Sambusa ya baridi haina mwenyewe.

Kamati imenituma niwaalike kwenye mdahalo wa wagombea wa Baraza la Wawakilishi la Kongresi ya Marekani, wilaya yetu ya kwanza ya uchaguzi hapa Iowa. Mwaliko wenyewe ni mfupi: njooni, meza yenu ipo, na imewekwa mstari mmoja na meza ya magazeti na televisheni. Baada ya hapo ningeweza kukaa chini. Lakini nina kosa la kuungama, na kosa hilo ndilo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Mnaijua kazi yangu. Asubuhi nakalimani hospitalini, mchana mahakamani, Jumapili kanisani bila malipo. Miaka kadhaa iliyopita mgombea mmoja alikuja kutusalimia baada ya ibada. Jina lake tuliache, na nafasi aliyokuwa anaigombea tuiache pia. Nikawekwa ubavuni mwake nitafsiri. Akasimama mama mmoja, mtu wa Fizi kule Kongo, mkononi ana bahasha ya kaki iliyochakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Akasema mwanawe wa kwanza amebaki kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, faili limekwama mwaka wa nne sasa, anaomba msaada. Yule bwana akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani, akasema maneno ambayo ukiyaleta kwa Kiswahili bila kuyapamba ni haya: "Hilo ni jambo ambalo ningependa kulitazama."

Mimi nikasema, "Mama, anasema atalishughulikia."

Vigelegele! Mama akakaa huku anafuta machozi. Mgombea akashangaa kidogo kuona amepokelewa vizuri kiasi kile, akatabasamu, akapiga picha na watoto, akaenda zake.

Sikukusudia kudanganya. Nilimwona mama analia, nikamwona mgombea ameshika kifua, ulimi ukaangukia upande wa huruma. Lakini tazameni maneno yenyewe. Anayetazama hana deni la mtu. Anayeshughulikia ameshakopa. Mimi nilimwandikia yule bwana deni ambalo hakulikopa, nikamwachia mama kazi ya kudai. Na alidai kweli. Kila Jumapili, mlangoni, kabla hata sijavua koti: "Mwanangu, yule mzungu amefikia wapi?" Miezi na miezi. Hadi leo nikiona bahasha ya kaki mikononi mwa mtu moyo unashtuka.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: mkija kwenye mdahalo, msimsaidie mgombea. Awe mnampenda au hammpendi. Akisema atatazama, andikeni atatazama. Akizunguka mbuyu, andikeni kwamba aliulizwa hili akajibu lile. Asipojibu, mwandikeni hakujibu, na swali mliweke pale pale juu ya jibu ili msomaji apime mwenyewe.

Na msiniambie Kiswahili hakina maneno ya kukwepa. Jamani! Sisi tuliokulia Kigoma tunaijua hii lugha kuliko wao. "Suala lako tumelipokea." "Tunalifanyia kazi." "Lipo kwenye mchakato." (Kicheko.) Mzee wangu hapo mbele anatikisa kichwa, anaijua. Mtu mzima yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi kwetu anajua kwamba "tumelipokea" maana yake ni nenda nyumbani. Basi mgombea wa hapa akikwepa, mpeni Kiswahili cha kukwepa kinachomfaa. Kipo tele, na msomaji wenu atacheka kwa sababu ataelewa upesi kuliko angeelewa hotuba nzima.

Sasa kuna watakaosema: mdahalo utaonyeshwa, magazeti yatakuwepo, sisi tunaenda kuongeza nini? Naanza na saa. Mdahalo unaanza saa moja jioni. Saa moja jioni, nani kati ya watu wetu yuko nyumbani amekaa kwenye kochi? Zamu ya pili imeingia kiwandani tangu saa tisa, inatoka karibu na saa sita usiku. Akina mama wanaolala kwa wazee kwenye nyumba za matunzo ndiyo wanaingia. Mtu anatoka kazini, mikono inanuka dawa ya kuoshea nyama, anakaa ndani ya gari akisubiri lipate moto, anafungua simu. Hapo ndipo atakutana na mdahalo. Akikuta chochote kwa Kiswahili, kitakuwa chenu. Asipokikuta, atakuta video ya sekunde kumi na tano iliyokatwa na mtu mwenye nia yake.

Halafu kuna sheria, na hapa nawaomba uvumilivu kidogo. Tangu mwaka 2002 jimbo la Iowa lina sheria inayosema Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya shughuli za serikali. Mtasema basi serikali kuu itatusaidia. Mwaka 1975 Kongresi iliongeza kwenye Sheria ya Haki za Kupiga Kura kifungu kinacholazimisha baadhi ya kaunti kuweka karatasi za kura kwa lugha nyingine pale wasemaji wanapofika idadi fulani. Kifungu kizuri. Lakini kilitaja makundi yake: lugha ya Kihispania, lugha za Waasia, lugha za wenyeji wa asili wa Marekani na wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo. Hata tukijaa kaunti nzima, tukaongea Kiswahili kuanzia kituo cha mafuta hadi ofisi ya meya, kifungu hicho hakitugusi. Hakuna karani atakayelazimika kutuandikia. Silalamiki, naeleza tu kwa nini macho ya kamati yalipotafuta mtu wa kufikisha habari kwa watu wetu hayakuona ofisi yoyote, yakawaona ninyi.

Jambo lililo kinyume na hapo, na wengi hawalijui: sheria hiyo hiyo inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma karatasi ya kura aingie na mtu wa kumsaidia, mtu anayemchagua mwenyewe. Binti yake, jirani yake, yeyote, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri, au kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Andikeni hilo siku yoyote, hata kabla ya mdahalo. Lina faida kuliko picha za jukwaa.

Na sasa hesabu ya wilaya yetu, maana wageni wakisikia Iowa wanadhani ni mahindi tu. Mwaka 2020, kabla mipaka haijachorwa upya, Iowa City ilikuwa wilaya ya pili. Wagombea walikuwa Mariannette Miller-Meeks wa Republican na Rita Hart wa Democratic. Kura karibu 394,000 zilihesabiwa. Uongozi ukahama mkono mara mbili baada ya kaunti mbili kugundua makosa kwenye hesabu walizotuma. Zikahesabiwa tena kaunti zote 24. Mwisho: 196,964 kwa 196,958. Toeni wenyewe. Sita! Watu sita ni gari moja la kwenda kazini, lile la Honda ambalo kiti cha nyuma mnabanana mpaka dirisha linafanya ukungu. Hart alipeleka pingamizi kwenye Baraza lenyewe, akaliondoa Machi 2021. Mwaka 2024, kwenye wilaya hii ya sasa, Miller-Meeks alimshinda Christina Bohannan kwa kura zisizofika 800.

Siwaambii hayo ili mumwambie mtu kura yake itaamua. Hayo ni maneno ya mabango. Nawaambia ili mjue kwamba kwenye wilaya hii wagombea wote wawili wanajua hesabu hiyo kwa kichwa, na wakiwaona mmekaa kwenye meza ya waandishi mkiandika kwa lugha wasiyoijua, watakaa vizuri kwenye kiti.

Nilipokuwa najiandaa nilikutana na kisa kimoja ambacho kimenikaa kichwani wiki nzima, lazima niwape. Uchaguzi wa kwanza kabisa wa Baraza la Wawakilishi, Virginia, mwanzoni mwa 1789. Wagombea wa wilaya moja ni James Madison na James Monroe. Wote wawili baadaye watakuwa marais, lakini wakati huo ni vijana wanaotafuta kiti. Wanafuatana kijiji hadi kijiji wakishindana kwa hoja. Siku moja wanafika kwenye kanisa la Kilutheri kaunti ya Culpeper. Waumini ni Wajerumani. Kizazi cha wahamiaji, wana lugha yao, wana kanisa lao, na inasemekana wanapiga kura pamoja. Mnaanza kuona ninachokiona?

Madison alikisimulia kisa hicho miaka mingi baadaye, ameshazeeka. Anasema ibada ilifanyika kwanza, kisha vikapigwa vinanda viwili vya nyuzi, kwa sababu watu wale walipenda muziki sana. Muziki ulipokwisha, wagombea wakawasimamisha nje kwenye theluji na kuwahutubia juu ya Katiba. Wajerumani wakasimama kwa subira, kama watu waliokuja kuangalia pambano. Usiku ule Madison akapanda farasi maili kumi na mbili kurudi alikofikia, na baridi ikamla pua, ikamwachia alama aliyoishi nayo. Alishinda, kura 1,308 kwa 972. Na Wajerumani wale aliwaita kwa neno ambalo kwa Kiswahili ni "kiota". Kiota cha watu ambao kura yao ingeweza kuinamisha mizani.

Simulizi nzuri. Ina theluji, ina muziki, ina pua ya rais. Lakini isikilizeni tena: hakuna Mjerumani hata mmoja anayesema neno. Wamesimama, wana subira, wanapenda muziki. Hatuambiwi waliuliza nini, nani alicheka, nani alisema huyu kijana anatuchezea. Nimekuwa kwenye vikao vyetu hapa ambapo mgombea amekuja baada ya ibada, kwaya imeimba, ngoma imepigwa, watu wamesimama kwa subira. Kesho yake picha zimetoka. Sisi tuko nyuma yake na vitenge vyetu, tunapendeza kwelikweli. Kiota.

Sitaki mdahalo huu utuache hivyo. Na kutukwamua haihitajiki hotuba kubwa. Ni mtu wetu mmoja, aliyekaa pale, anayeandika kilichosemwa na kilichoulizwa.

Lakini kuandika nako kuna ujanja wake. Mwaka 1858, jimbo jirani la Illinois, Abraham Lincoln na Stephen Douglas walifanya midahalo saba wakishindania kiti cha Seneti. Wa kwanza ulikuwa Ottawa, tarehe 21 Agosti, watu zaidi ya 10,000. Mmoja anaongea saa nzima, mwenzake saa moja na nusu, wa kwanza anarudi nusu saa. Hakuna spika, hakuna kinasa sauti. Magazeti mawili ya Chicago yalipeleka waandishi wa hati mkato wanaonyaka kila neno, gazeti moja la upande wa Lincoln, jingine la upande wa Douglas. Na yalipochapishwa, mtu wa kila gazeti alisomeka anatiririka kama maji, na mpinzani wake anakwamakwama. Kila gazeti likalishutumu jingine kwamba limechakachua. Lincoln mwenyewe alipokusanya vipande vya magazeti ili vichapwe kuwa kitabu mwaka 1860, alichukua maneno yake kutoka gazeti lililompenda yeye, na ya Douglas kutoka gazeti lililompenda Douglas. Alijua. Kila mtu asafishwe na fundi wake!

Sisi hapa tuna wapenzi wa vyama vyote viwili. Namwona kijana mmoja ana fulana, sisemi ya nani. (Kicheko.) Una haki ya kuwa na upande, na siku ya pili andika maoni yako mpaka wino uishe. Usiku ule wa kwanza tu, tupeni maneno machafu kama yalivyo, pamoja na kukwama kwake.

Sasa masharti. Haya yawe wazi maana najua mtu akialikwa bure anatafuta ndoano iko wapi.

Meza ina nafasi kumi na mbili na soketi za kutosha, ila njooni na chaja zenu. Intaneti ya ukumbini ni ya kubahatisha. Anayetaka kwenda laivu abebe bando lake. Kamati haitalipa mtu posho, wala nauli, wala "ya soda". Najua desturi ya bahasha kwenye mikutano ya kwetu, na najua kuna wagombea wenye wasaidizi wakarimu. Mwaka 2006 tume ya serikali kuu inayosimamia fedha za uchaguzi iliamua kwamba mtu anayeandika siasa mtandaoni kwa hiari yake, bila kulipwa, hasumbuliwi na sheria ya fedha za kampeni. Bila kulipwa. Ukipokea hela ya kampeni ni hadithi nyingine, na zaidi ya sheria, msomaji wako atanusa.

Kamati haitaomba kusoma mlichoandika kabla hamjaposti. Haitawaambia nini mkate. Timu za wagombea nazo hazina sauti juu ya nani anakaa kwenye meza ile, na hilo tumelisimamia kwa makusudi. Mwaka 1988 jumuiya ya akina mama ya League of Women Voters, iliyokuwa imeandaa midahalo ya urais tangu 1976, ilijitoa kwa hasira kwa sababu kampeni mbili zilikaa faragha zikapatana kila kitu, nani aulize, nani akae ukumbini, waandishi wafike wapi, kisha zikawaletea makubaliano yameshaiva. Mdahalo ukishafika hapo ni mchezo wa kuigiza. Wetu hauna fedha, lakini haujafika hapo.

Hamhitaji kadi ya chombo kikubwa. Jina lako, chaneli yako au ukurasa wako, na kazi tatu ulizowahi kutoa ili tuone kweli unaandika, basi. Zamani kidogo hata huku mwanablogu alikuwa mtu wa kubaki nje. Mkutano mkuu wa Democratic mjini Boston mwaka 2004 ndipo wanablogu walipopewa vitambulisho kwa mara ya kwanza, wakawa zaidi ya thelathini, na waandishi wa magazeti wakawatazama kama watoto walioingia sebuleni kwa wageni. Mwaka huo huo, Ndesanjo Macha, Mtanzania, alikuwa miongoni mwa watangulizi wa kublogu kwa Kiswahili. Kwa hiyo msijione wageni kwenye jambo hili. Na tukiwa tunazungumzia milango: nyumbani Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwanablogu alipe ada zilizofika shilingi milioni 2.1 kabla hajaandika mstari. Hapa mlango huu ni wa bure. Mkiuacha wazi bila kuingia, lawama ni yetu wenyewe.

Niguse maneno, kwa sababu najua mtaniuliza. Neno "jimbo" linatuchanganya. Kwa Tanzania jimbo ni la mbunge. Hapa tumeshazoea kusema jimbo la Iowa. Basi kamati inapendekeza "wilaya ya uchaguzi" kwa eneo la mbunge wa Kongresi, na jimbo libaki Iowa nzima. Wilaya ya kwanza inaanzia Mississippi, Davenport na Burlington, inapita kwetu, inafika Indianola karibu na Des Moines. Ndugu zetu wa Cedar Rapids, mwendo wa nusu saa tu, wako wilaya ya pili, karatasi yao ya kura haina majina haya. Kila uchaguzi kuna mtu anawapigia kampeni wagombea wasio wao.

Na "mbunge". Liandikeni, watu wanalielewa. Ila mwelezeni msomaji mbunge huyu ana nini mkononi. Shimo la barabarani si lake, ni la mji. Karo ya shule si yake hasa. Bajeti ya serikali kuu ni yake, sheria za uhamiaji ni zake, msaada wa chakula unapitia sheria anazopigia kura. Idadi ya wakimbizi wanaoingia kwa mwaka hupangwa na rais, lakini Sheria ya Wakimbizi ya 1980 inamtaka ashauriane na Kongresi kwanza. Hapo kuna swali la kuuliza. Na kuna kazi moja ya mbunge isiyopigiwa debe: ofisi yake ya wilayani ina watumishi ambao kazi yao ni kufuatilia mafaili yaliyokwama kwenye idara za serikali kuu. Mwananchi anajaza fomu ya ruhusa, anasaini, ofisi inaandika barua kuuliza faili limefikia wapi. Haihitaji uwe umempigia kura. Kwa kawaida haihitaji hata uwe raia, bali uwe unaishi wilayani. Haiwezi kulazimisha jibu zuri, lakini kwa kawaida inapata jibu. Yule mama na bahasha yake alistahili kuambiwa hivyo siku ile. Mimi sikujua. Yule mgombea, kama alijua, hakusema.

Swali zuri la mdahalo, basi, haliulizi "utatusaidiaje sisi wakimbizi?" Hilo linaleta mkono kifuani. Ulizeni: ofisi yako itakuwa na watumishi wangapi wa kufuatilia mafaili, na watakaa mji gani? Mtu akiulizwa idadi na mji, anapata shida kushika kifua.

Tahadhari mbili, na hizi nazisema taratibu.

Ya kwanza. Katika uchaguzi huu anapiga kura raia peke yake. Mwenye kadi ya kijani hapigi. Aliyepewa hifadhi hapigi. Mtu akijiandikisha kwa kudanganyika tu kwamba "kila anayeishi hapa anaruhusiwa", anaweza kushtakiwa na kupoteza njia yake ya uraia. Kwa hiyo kwenye maandishi yenu msiandike "nendeni mkapige kura" hivi hivi, kwa watu wote. Andikeni "wewe uliyeapa kuwa raia". Na walioapa juzi wawekeeni neno: Oktoba 2024 ofisi ya jimbo ilitoa orodha ya majina 2,176 ya watu inaowashuku si raia, na baadaye wengi wao wakaonekana ni raia. Mwenye cheti chake cha uraia akiweke mahali anapojua.

Ya pili. Anayesimama kuuliza swali msimpige picha ya uso bila kumwomba. Mnajua hali za watu wetu. Kuna mtu atauliza swali zuri sana ambaye hataki jirani yake, au mtu yeyote, amwone ameuliza. Pigeni picha mgongo, pigeni mikono, pigeni sambusa. Mgombea mpigeni mnavyotaka, hiyo ndiyo kazi aliyoomba.

(Hapa palikuwa na maswali. Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kukata klipu fupi.)

Kata, bwana, ndiyo dunia ya leo. Ila klipu ianze na swali. Jibu bila swali ni mkia bila ng'ombe. Na weka chini yake mdahalo mzima, hata kama hakuna atakayeufungua.

(Mama mmoja aliuliza: anayeandika Kilingala au Kirundi je?)

Karibu mama, karibu sana. Meza ni ya lugha zetu zote. Kiswahili ndicho kimenileta mimi tu, kwa sababu ndicho ninachokifanyia makosa. (Kicheko.)

(Mwingine aliuliza kama kutakuwa na mkalimani ukumbini.)

Atakuwepo, ana cheti, na watu watapewa vifaa vya masikioni. Nina habari ya kuongeza hapo. Yule mama wa Fizi nilimpitia juzi nikamweleza kuhusu mdahalo, saa na mahali. Mwanawe bado yuko Nyarugusu. Bahasha ameibadilisha, sasa ni ya plastiki. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Utakayetafsiri ni wewe?"

Nikamwambia hapana, mama, ni mtu mwingine.

Akasema basi atakuja.